Pisi moja, namba moja: jinsi familia yetu inavyouza mitumba mtandaoni

Tuko watu watano kwenye nyumba moja Tabata, Dar es Salaam: mimi, mume wangu, binti yetu aliyemaliza chuo, mdogo wake aliyeko sekondari, na mama mkwe. Tunauza nguo, viatu, mikoba na vyombo vya mtumba kupitia WhatsApp na Instagram. Hatuna fremu. Stoo yetu ni kona ya sebule yenye kamba mbili za kutundikia na mabeseni matatu yenye mifuniko.

Mwaka wa kwanza tuliuza gauni moja la kijani mara mbili ndani ya saa moja. Binti alishapokea hela ya dada mmoja wa Kinyerezi, na mume wangu, kwa simu yake, akapokea ya mteja wa Kigamboni. Yule aliyekosa tulimrudishia hela yake pamoja na makato, lakini hakununua kwetu tena. Anayeuza nguo mpya akiishiwa anaagiza nyingine. Mtumba ukiondoka umeondoka, hakuna pacha wake popote. Ndiyo maana hatua zote zinazofuata zinazunguka jambo moja: kila pisi, yaani kila kipande kimoja, iwe na namba yake, na kila kazi iwe na mwenyewe.

Hatua ya 1: Gaweni kazi kabla ya kununua hata shati moja

Kwetu mimi ndiye ninayekwenda sokoni. Mama mkwe anakagua, anafua na kushona. Binti anapiga picha na kujibu wateja. Mume wangu anashika hela na usafiri. Kijana anafunga mizigo Jumamosi tu, kwa sababu siku za shule usiku ni wa kusoma.

Simu ya biashara ni moja, na inakaa kwa binti. Ndugu, jirani au shoga akinipigia mimi kuulizia nguo, namwelekeza kwenye namba ile. Mwanzoni wengine walinuna, sasa wamezoea. Ukiruhusu kila mtu nyumbani auze kwa simu yake, mtarudi kwenye gauni la kijani.

Hatua ya 2: Nunua kwa kuchagua, achana na balo kwanza

Balo la kilo 45 linavutia ukigawa bei yake kwa idadi ya nguo. Lakini limefungwa, na karatasi ya juu inakwambia aina na gredi tu. Ukilifungua, vyote ni vyako: pisi kali, zilizochakaa, na saizi ambazo hakuna mteja wako anayezivaa. Mwenye meza sokoni ana pa kuzimaliza zilizobaki, anazishusha bei jioni na watu wanachambua. Wewe wa mtandaoni kila nguo unaipiga picha, unaipima na kuieleza, na kazi hiyo haipungui kwa sababu nguo ni mbovu. Kwa hiyo lipa zaidi kidogo kwa pisi, uchague mwenyewe.

Mimi nashuka soko la Karume alfajiri, wakati mabalo yanafunguliwa. Asubuhi bei iko juu ila ndipo pisi nzuri zilipo. Wenzetu wa Gikomba, Nairobi, hizo za kwanza wanaziita kamera, na zile za mwisho fagia. Nenda na orodha ya ulichoombwa na wateja, hela ya kununulia mfukoni peke yake, na futikamba.

Kwenye kila nguo naangalia kwapani kwanza. Jasho la zamani linaacha kitambaa kigumu chenye rangi ya njano, na hakuna sabuni inayoliondoa. Halafu shingoni, kisha katikati ya miguu kwa suruali, maana jinzi hukwanguka hapo kabla ya pengine popote. Nafungua na kufunga zipu yote. Mwisho naiinua dhidi ya mwanga: tundu dogo ambalo mezani halionekani, juani linang'aa kama nyota. Nguo za ndani sichukui kabisa. TBS, shirika la viwango, inazipiga marufuku zikiwa za mtumba, na mimi naona ni sawa.

Viatu vina mtego wake. Raba inaweza kuonekana mpya kabisa, kamba safi, ndani hakuna alama ya mguu, lakini soli yake ya povu imekaa miaka na kula unyevu. Mteja anaivaa siku moja, soli inamong'onyoka kama biskuti kwenye chai. Ikunje katikati, kisha bonyeza pembeni mwa soli kwa kidole gumba kwa nguvu. Ukiona nyufa nyembamba, au kidole kinatoka na unga, irudishe mezani hata kama ni ya jina kubwa.

Vyombo vya umeme, geuza usome kibati cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Pasi au blenda ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Ukiichomeka ukutani bila transfoma inaungua, na inaweza kumdhuru mtu. Sizichukui.

Hatua ya 3: Mzigo usiingie ndani bila kupita kwenye maji

Mfuko wa sokoni unabaki nje, kwa sababu ya kunguni. Pamba na mashuka tunaloweka kwenye maji ya moto sana. Sufu na nguo laini kwenye maji ya baridi na sabuni kidogo. Ile harufu ya mtumba hutoka kwa kikombe cha siki kwenye ndoo ya mwisho ya kusuuzia, kisha kuanika kivulini penye upepo. Jiki na siki visikutane kwenye beseni moja hata siku moja. Vikichanganyika vinatoa gesi inayochoma mapafu, na mara nyingi anayefua ana mtoto pembeni.

Doa la kutu tunapaka limau na chumvi, tunaweka juani, tunasuuza. Sweta lenye vipele, mama mkwe analilaza mezani na kulipitisha wembe polepole, upande mmoja tu, bila kukandamiza. Zipu nzito anaisugua sabuni kavu ya kipande. Ana kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo alivyokata kwenye nguo zisizofaa, na humo ndimo faida yetu nyingi inapotoka. Blauzi niliyoipata kwa bei ndogo kwa kukosa kifungo kimoja, ikitoka mikononi mwake ni blauzi kamili.

Hatua ya 4: Namba na vipimo

Nguo ikishapigwa pasi, inapata namba. Tunatumia kipande cha karatasi ngumu na pini, namba zinaendelea mfululizo, na namba ya nguo iliyouzwa hairudiwi.

Kisha vipimo. Lebo usiitegemee. Namba 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na karibu na 40 ya Ulaya, na nguo za China au Korea mara nyingi ni ndogo kuliko lebo inavyosema. Isitoshe, nguo ilishafuliwa mara nyingi na mwenyewe wa kwanza: pamba imesinyaa, lastiki imelegea. Laza nguo juu ya meza bila kuivuta. Pima kwapa hadi kwapa, kisha zidisha mara mbili. Ukipata inchi 19, andika kifua 38. Wengi huandika ile 19, mteja anachanganyikiwa. Kiuno na nyonga vivyo hivyo. Urefu pima kutoka begani hadi pindo. Wateja wetu wanaojistiri huuliza hicho kabla ya bei. Suruali iongezee urefu wa mguu kwa ndani. Kiatu pima sentimita za ndani, kisigino hadi kidole.

Tunapima kwa inchi kwa sababu mafundi wetu wanashona kwa inchi, na mteja asiyejua vipimo vyake tunamwambia: chukua gauni lako linalokukaa vizuri, lilaze, lipime, nitumie. Tangu tuanze kumwomba mteja hivyo, nguo zinazorudishwa kwa kutokutosha zimekuwa chache mno.

Hatua ya 5: Picha na maelezo

Piga kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kwenye ukuta mweupe au kanga isiyo na maua mengi, mbali na jua la moja kwa moja. Picha nne: mbele, nyuma, lebo, na kasoro. Usitumie vichujio vya kung'arisha. Rangi ikibadilika ni mzozo na mteja.

Zamani binti alikuwa akizivaa mwenyewe. Ziliuzika haraka, lakini jumbe alizoanza kutumiwa na wanaume wasionunua chochote zilinifanya nisimamishe siku ileile. Sasa tunatundika kwenye hanga. Mauzo yalishuka kidogo, na sijutii.

Maelezo yetu yanakaa hivi:

"Na. 214. Gauni la pamba, bluu, mikono mifupi. Kifua 38, kiuno 33, nyonga 44, urefu 45, vyote inchi. Kasoro: kifungo cha tatu kimebadilishwa, kuna doa kama punje ya mchele karibu na pindo, kulia, picha ya nne. 14,000. Lipo moja."

Usiogope kutaja kasoro. Mteja wa mtumba anajua nguo imevaliwa. Anachokichukia ni kuigundua kasoro nyumbani kwake, baada ya kulipa na boda. Tena usiandike "orijino" kwa sababu ya nembo peke yake. Andika jina lililo kwenye lebo, uishie hapo.

Weka pisi kwenye katalogi ya WhatsApp ya biashara na kwenye stetasi. Kumbuka stetasi hupotea baada ya saa 24, na kwa kawaida anaiona mtu aliyehifadhi namba yako nawe umehifadhi yake. Kila anayenunua mwombe aihifadhi.

Hatua ya 6: Bei

Chukua mfano wa magauni 20 ya 4,000, jumla 80,000. Nauli na kubeba mzigo 6,000. Sabuni, siki na umeme wa pasi 4,000. Bando na mifuko ya kufungia 10,000. Jumla 100,000, yaani 5,000 kwa kila moja. Lakini sio yote yatauzika. Toa matatu, gharama ya kila gauni inakuwa karibu 5,900. Hapo ukiuza 8,000 ukapunguza 1,000 kwa kubembelezwa, watu wazima wanne wamefanya kazi wiki nzima karibu bure. Sisi tungeanzia 12,000, na mazuri sana 15,000. Punguzo tunatoa kwa anayechukua mbili na kuendelea.

Hatua ya 7: Oda, malipo, kutuma

"Nitunzie" haipo kwetu, isipokuwa kwa mteja wa zamani, na hatuzidishi muda wa saa sita. Anayelipa kwanza ndiye mwenye nguo. Binti akishauliza "imeingia?", mume wangu anaangalia salio lenyewe kwenye akaunti ya Lipa Namba, hasomi meseji aliyotumiwa na mteja, kwa kuwa meseji za muamala hughushiwa. Akithibitisha, namba inatolewa kwenye katalogi hapohapo, kabla ya kusema asante.

Mjini tunatuma kwa boda, na nauli inajulikana kabla ya kulipa. Mizigo ya mikoani inakwenda kwa basi kutoka Mbezi. Andika jina na simu ya mpokeaji juu ya mfuko kwa kalamu ya wino mzito, na nakala nyingine weka ndani. Tuliwahi kupoteza viatu vya mteja wa Mbeya kwa sababu karatasi ya juu ilibanduka njiani na hakuna aliyejua ni vya nani. Tulimlipa. Siku hizi picha ya mzigo na ya risiti zinamfikia mteja kabla basi halijatoka. Akikuta kasoro ambayo hatukuitaja, tunarudisha hela yote na nauli.

Hatua ya 8: Daftari

Mistari sita: namba, bei ya kununua, tarehe, bei ya kuuza, aliyelipa, ilikokwenda. Hela ya biashara ina laini yake, na hela ya mboga haitoki humo. Hili lilituletea maneno ndani ya nyumba kuliko jambo lolote. Tulilimaliza kwa kukubaliana kwamba Jumapili jioni mume wangu anasoma daftari kwa sauti, mtaji unatengwa kwanza, na kinachobaki kinagawiwa kila mtu na chake, mama mkwe akiwemo. TIN, namba ya mlipakodi, nayo chukua mapema. TRA wanaitoa bure.

Jumapili hiyohiyo tunapitia zilizokaa. Pisi iliyopita siku 45 inashuka bei. Ikifika miezi mitatu inaingia kwenye fungu la nguo tatu kwa 10,000. Zinazobaki hapo mama mkwe anazikata vifungo na zipu, vinaingia koponi, pamba inakuwa matambara ya gereji iliyo mtaa wa pili.