Somo: Kubuni kifaa ambacho mtu atakitumia bila wewe kusimama pembeni

Naulizwa kila mara kwa nini bidhaa inayofanya kazi vizuri mikononi mwa aliyeibuni inawashinda wengine wote. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Hatua ya 1. Andika kwa sentensi moja kazi ambayo mtu anataka kuikamilisha. Ukihitaji sentensi mbili, huenda una bidhaa mbili.

Hatua ya 2. Kamtazame mtu akiifanya kazi hiyo kwa njia aliyoizoea, kabla hujachora chochote.

Hatua ya 3. Chora kwa kalamu kwenye karatasi. Watu huona haya kukosoa kitu kilichokwisha kupambwa, na wewe mwenyewe utaona uchungu kukitupa.

Hatua ya 4. Punguza, kisha kinachotumiwa zaidi kifanye kikubwa na ukiweke karibu na kidole. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha tangu 1954 kwamba shabaha ikiwa ndogo na ya mbali, mkono huchelewa kuifikia.

Hatua ya 5. Mpe mtu ajaribu, nawe unyamaze. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilibuni kifaa kidogo cha kuwakumbusha wazee saa ya kumeza dawa, nacho kilikuwa na kitufe kimoja tu, jambo ambalo nilijivunia sana: ukikibonyeza mara moja, kengele inanyamaza, ukikishikilia kwa sekunde tatu, unapanga saa mpya. Nilikaa na watu sita, na kila aliyesita nilimnong'oneza, "Kishikilie kidogo." Wote sita walifaulu, nikaandika kwamba kifaa kiko tayari. Kilipofika majumbani, ambako sikuwapo mimi wa kunong'ona, karibu hakuna aliyegundua kwamba kitufe kile kina kazi ya pili. Nilikwenda kuketi na bibi mmoja. Alikigeuza kifaa akatazama chini yake, akapandisha miwani, akakibonyeza kwa ncha ya ukucha mara nne upesi upesi, kisha akakiweka mezani taratibu kama mtu aliyeazimwa kitu cha watu, akaniambia, "Nisamehe mwanangu, mambo haya sisi hatukuyasoma." Kosa lilikuwa langu, na aliyeomba radhi ni yeye.

Kwa hiyo shikeni maonyo haya. Mpe mtu kazi, usimpe njia: sema "panga kengele ilie saa mbili usiku", usiseme "shikilia kitufe". Akikuuliza, "Nibonyeze hapa?", mrudishie swali: "Kama ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Keti nyuma yake kidogo, kwa sababu hata uso wako unaelekeza, ukikunja kipaji tu, ameshajua kwamba kidole kimepotea. Wala usimwulize kama amekipenda, maana atakujibu kwa adabu. Tazama mikono yake.

Hatua ya 6. Rekebisha, kisha uwape watu wengine wajaribu, kwa kuwa wale wa kwanza wameshajifunza.

MASWALI

Mwanagenzi: Niwape watu wangapi wajaribu?

Jibu: Anza na watano. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, akitegemea hesabu aliyoifanya na mtafiti mwenzake Thomas Landauer, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi, na kwamba ni afadhali kujaribu mara tatu kwa watano watano kuliko mara moja kwa 15. Wako waliompinga, na ni kweli kwamba kama watumiaji wako ni makundi yanayotofautiana sana, kila kundi linahitaji watu wake.

Haraka: Sijasoma yote, lakini je, siwezi kuweka tu kijitabu cha maelekezo ndani ya boksi?

Jibu: Wewe umeshindwa kumaliza somo hili fupi. Kijitabu chako atakisoma nani?

Mbishi: Programu yangu haina tatizo, watumiaji ni wavivu wa kufikiri.

Jibu: Somo hili linahusu kupima bidhaa. Watumiaji sikuwapima mimi, na wewe usiwapime. Rudia hatua ya 5.

Mdadisi: Kifaa chako ulikirekebishaje hatimaye? Uliongeza maelezo juu ya kitufe kile kile?

Jibu: Ahsante kwa kuuliza. Nilijaribu kuongeza maelezo, hayakusaidia. Nilichofanya ni kuongeza kitufe cha pili, kimoja cha duara na kingine kirefu, ili kidole kivitofautishe hata gizani, na kila kimoja nikakipa kazi moja. Kifaa kilizidi kitufe na kikapungua ugumu. Mabishano ya namna hii huamuliwa kwa kupima: kabla simu za kubonyeza hazijaanza kuuzwa mwaka 1963, watafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, waliwapa watu mipangilio mingi ya namba, wakalinganisha kasi na makosa yao, ndipo wakachagua huu tunaoujua, wenye 1 juu.

Mchoraji: Naongezea kwamba tusitegemee rangi peke yake, kwani wako wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Jibu: Kweli kabisa. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni takriban mmoja kwa kila 12. Weka neno au umbo pamoja na rangi, na maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1.

Mdadisi: Na mtu akikwama kabisa, nimwache ateseke?

Jibu: Hapana. Kabla ya kuanza mwambie, "Tunakipima kifaa, hatukupimi wewe." Akikwama, sema, "Ahsante, hapo panatosha," andika kwamba kifaa kimeshindwa, muingie kazi inayofuata.

Haraka: Nimerudi, na sasa nimesoma yote. Nimempa shangazi yangu programu, nimenyamaza, naye amekwama ukurasa wa pili.

Jibu: Vizuri sana. Kidole chake kilikuwa kinaelekea wapi alipokwama?

Haraka: Kwenye picha. Alidhani ni kitufe.

Jibu: Basi ifanye kitufe.