Kupiga kambi ufukweni Tanga na watoto wadogo

Kabla ya kuulizia bei ya hema, angalia kalenda ya mwezi mwandamo, ile inayotundikwa sebuleni. Kwenye pwani hii, iwe Kigombe au Ushongo ng'ambo ya mto Pangani, bahari ndiyo inayopanga ratiba: mtoto ataoga saa ngapi, mtatembea hadi wapi, na kama mtaamka mmelowa.

Bamvua, yaani bahari inapojaa na kukupwa kupita kawaida, huwa siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, takriban tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za kalenda hiyo. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 jioni na tena saa 10 alfajiri, hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na tofauti ya kina huweza kupita mita 3. Anayefika asubuhi huona ufuo mpana, mkavu, umenyooka kama sakafu, akasimamisha hema papo hapo. Jioni maji yako mlangoni. Anayefika usiku ndiye wa kuhurumiwa, maana kwake maji yatakuja alfajiri, watoto wamelala fofofo.

Kwa wenye watoto chini ya miaka 6, tarehe 7 hadi 9 ndizo bora. Ni maji mafu: bahari haiendi mbali wala haipandi sana, na hujaa katikati ya asubuhi. Tena Magharibi ikiingia mwezi tayari uko juu, kwa hiyo kuna mwanga hadi watoto walale. Tarehe 21 hadi 24 nazo ni maji mafu, ila usiku wa mapema ni giza tupu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Thibitisheni na wavuvi mkifika.

Msimu: epukeni masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba hakuna joto kali, lakini kusi huvuma kwa nguvu, kwa hiyo hema lifungwe barabara. Januari na Februari ni kukavu na kuna joto; chagueni hema lenye madirisha makubwa ya wavu, la sivyo mtoto hatalala. Hifadhi ya Saadani, yenye tembo na simba, isubiri watoto wakue.

Mkifika kijijini, pitieni kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti. Ni adabu, ni usalama, na huko ndiko mtakakoambiwa kisima chenye maji matamu ni kipi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi, na kuchemsha hakuitoi. Bebeni lita 5 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu wanne kwa siku mbili ni madumu mawili ya lita 20, na dumu la tatu la kuwasuuza watoto. Chumvi ikibaki mapajani mwa mtoto wa nepi, usiku mzima ni kilio.

Fikeni kabla ya saa 9 alasiri. Jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni mwaka mzima, na kusimamisha hema huku mtoto analia njaa gizani hakufai kwa ndoa yoyote. Tafuteni ule mstari wa mwani mkavu na vijiti vilivyotupwa na maji, kisha pandeni juu yake hatua 20 au zaidi, hadi penye majani yaliyoota. Kivuli cha mivinje ni kizuri. Chini ya mnazi, hapana, hata kama hamwoni nazi: kuti kavu likianguka linatosha kumuumiza mtoto vibaya.

Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema havishiki mchangani. Chukueni viroba vinne au sita vya sukari au unga, vya kilo 5. Jazeni mchanga, fungeni mdomo, zungushieni kamba ya hema katikati, kisha fukieni kwenye shimo la nusu mita na kukanyagia juu. Kamba itoke ikiwa imelala kuelekea hema, isisimame wima. Ikisimama, upepo unaing'oa. Tandikeni turubai chini ya hema, kingo zake zikunjwe ndani. Zikichomoza nje, mvua ya dakika tano inakusanyika na kupita chini ya magodoro.

Usiku wa kwanza msipike. Njooni na chapati na maharage, mle kabla ya Magharibi, kisha mtoto avishwe mikono mirefu na suruali. Zipu ifungwe tangu saa 11 jioni, maana usubi na mbu wakishaingia hamtawatoa. Kama hema lina tundu, ningʼinizeni chandarua chenye dawa ndani yake. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata likiwa limebaki makaa matatu: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Asubuhi zimeni moto kwa maji, mkoroge, mmwage tena. Kufukia makaa kwa mchanga ndiko kunakounguza watoto: juu panaonekana pamepoa, chini bado panawaka, na mtoto anakimbia peku.

Mipaka ya kambi mwekeeni mtoto kwa kitu anachokiona. Fungeni kanga nyekundu kwenye mti wa kulia na nyingine kushoto. Nje ya hapo haendi bila mtu mzima. Filimbi shingoni, aifanyie mazoezi nyumbani. Majini, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kwamba ni zamu yake, na asishike simu. Wakiwa watu wazima watano wote "wanaangalia", hakuna anayeangalia. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwa hiyo wa chini ya miaka 5 awe pale mkono unapofika. Mdomoni mwa mto Pangani msiogeshe mtoto: kuna mkondo, na mto wenyewe una mamba.

Mkitaka kutembea kwenye mchanga maji yakiwa yamekupwa, tokeni yakiwa bado yanashuka na mgeuke kabla hayajaanza kupanda. Yanaporudi hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yenu, mkajikuta kisiwani na mtoto mgongoni. Miguuni vaeni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, kandambili zinabaki topeni. Buruteni miguu ili samaki taa aliyejifukia asikie na kuondoka. Akichoma, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, mtu mzima akiyapima kwanza kwa mkono wake, kisha nendeni kituo cha afya. Kwa kuhara, bebeni pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji. Zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru.

Choo cha shimo kiwe kina cha sentimita 20, mbali na kisima na maji, kifukiwe. Nepi hazifukiwi, mnarudi nazo mjini.

Siku ya kurudi, Amboni iko kilomita kama 8 kaskazini mwa Tanga mjini, na mapango yanawafurahisha watoto kuanzia miaka 4 hivi. Kila mtoto awe na tochi yake. Wakigombania moja, mwenye kukosa atakataa kuingia.

Nyumbani suuzeni hema kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mlianike kivulini hadi mishono ikauke, ndipo mkunje. Zipu zisuguliwe na mshumaa. Chumvi ikizikamata, safari ijayo mlango hautafunga.