Somo: Mtwara imefungwa na mvua, na mafuta yanahesabika

Niliahidi kueleza ndege ya jeshi ya mizigo inafanyaje ikifika Mtwara na kukuta wingu limelala juu ya uwanja. Nilikuwa fundi wa ndege, sajini, nikikaa nyuma ya marubani wawili kutazama geji. Namba za hapa nimezizungusha kutoka safari moja ya Februari.

Hatua ya 1: geuza kilo ziwe dakika. Mafuta ya ndege tunayapima kwa uzito, kwa kuwa lita hutanuka na joto. Tuseme ndege inakula kilo 2,000 kwa saa na kwenda kilomita 500. Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 400 angani: dakika 48, kilo 1,600.

Hatua ya 2: tenga riziva. Watu wa bodaboda mnaijua. Kanuni ya kimataifa kwa ndege za kiraia za injini za jeti ni kutua ukiwa bado na mafuta ya kuzunguka dakika 30, nasi tulifuata hiyohiyo. Kwa hesabu yetu ni kilo 1,000. Hizo zifute kichwani, hazipo.

Hatua ya 3: chagua uwanja mbadala kabla hujaruka. Hapa ndipo pa kuumiza kichwa. Macho hukimbilia Kikwetu, Lindi, kwa kuwa ni kama kilomita 70 tu. Lakini ni pwani ileile, na mara nyingi wingu ni lilelile. Songea ni mbali kuliko Dar. Basi ni kurudi Dar, ila mvua zetu za kusini huja msimu wa kaskazi, na upepo wa kilomita 50 ukikupiga usoni, dakika 48 zinakuwa 53. Kwa hiyo 1,800 za safari, 1,000 za riziva: 2,800. Namba hiyo tuliiandika kwa kalamu nene, tukaibandika mbele ya kapteni.

Hatua ya 4: zunguka, lakini kwa kikomo. Ukifika Mtwara na 3,400, una 600 za kuchezea: dakika 18, au zaidi kidogo ukipunguza mwendo. Baki juu, injini za jeti hunywa zaidi zikiwa chini. Geji ikigusa 2,800 unaondoka, hata mnara ukisema mvua inapungua. Mvua "inayopungua" ndiyo inayoponza. Na mwenye cheo kidogo ndiye anayetazama geji, basi yeye ndiye aseme. Siku ile nilisema "Afande, 2,800", nikanyamaza.

Hatua ya 5: redio. Ukiona kucheleweshwa kokote kutakula riziva, uarifu mnara. Hiyo bado si dharura. Ukijua utatua ukiwa umeshaila, tangaza mayday ya mafuta, yaani wito wa dharura. Usione haya.

MASWALI

Masasi: Shikamoo mwalimu. Si mjaze tenki hadi juu tu?
Marahaba. Uzito nao unakula mafuta. Tena ukijaza, mzigo wa watu unabaki chini, na ukitua mzito kwenye lami yenye maji, breki zinakuhoji.

Newala: Na mbadala ukikosekana kabisa?
Yaliwapata Wamarekani tarehe 18 Aprili 1942. Ndege 16 aina ya B-25, James Doolittle akiongoza, zilikwenda kupiga Japani kutoka meli Hornet. Boti ya doria ya Japani iliwaona, wakaruka mapema, mbali kuliko walivyopanga. Moja ikageukia Vladivostok. 15 zikafika China usiku, mvua, redio ya kuwaongoza haipo, tenki zinakauka. Wengine walitua majini au mashambani, wengine wakaruka na parachuti. Watatu kati ya 80 walikufa usiku huo.

Lindi mjini: Kimbunga Kenneth cha 2019, hesabu hii ingefaa?
Hapana. Kile kiliingia Msumbiji tarehe 25 Aprili, na sisi huku tulitahadharishwa mapema. Kwa kimbunga, ndege unaihamisha siku moja kabla.

Mikindani: Mwalimu, afande alijibuje?
Hakujibu. Aligeuza kushoto. Dar tulitua geji ikisoma 1,050. Nusu saa baadaye Mtwara ikafunguka, jua linawaka, akanitania kwa hilo wiki nzima.