Injini gani uweke kwenye gari jepesi la spidi ukiwa Mbeya

Kijana akishachomelea chasisi ya mabomba na kupata bodi ya faiba ya viti viwili, swali lake la kwanza kwangu huwa moja: "Fundi, 2JZ itaingia?" Anaulizia ile injini ya Toyota Supra, silinda sita, lita 3. Itaingia. Kwenye chasisi hata jenereta inaingia. Ila fuata mpangilio huu kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Anza na mzani, injini baadaye. Andika uzito unaoutaka gari likiwa tayari, dereva na mafuta ndani. Lotus Elise ya 1996 ilikuwa na kilo 725 hivi na injini ya Rover ya lita 1.8 isiyofika nguvu farasi 120, na kwenye kona ilikuwa inasumbua magari ya bei kubwa. McLaren F1 ilibeba V12 ya BMW ya lita 6.1, lakini gari zima halikuzidi kilo 1,140. 2JZ-GTE, yaani 2JZ yenye turbo, peke yake inapita kilo 200. Ukiipachika, itadai rejeta kubwa, breki kubwa na mabomba mazito, na wepesi uliokuwa unautafuta umeshaondoka.

Hatua ya 2: Toa kodi ya mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, kwa hiyo farasi 190 za kwenye karatasi hapa Mwanjelwa ni kama 157. Turbo inafidia, ila si yote. Kama westigeti yake (valvu inayopunguza presha ya turbo) inafunguka kwa springi tu, inaongeza presha juu ya hewa iliyopo nje, na hewa yetu ni nyepesi tangu mwanzo. Faida ya huku ni kwamba injini ya kompresheni kubwa haigongi kirahisi, yaani mafuta hayajilipui ovyo ndani ya silinda. Jihadhari siku ukiteremka nayo Dar. Kule itakula hewa nzito, na taiming (muda wa plagi kuwasha) uliyoisukuma ukiwa Mbeya inaweza kuanza kugonga.

Hatua ya 3: Chagua seti, usichague injini tupu. Mimi kwa gari la kilo 700 mpaka 800 nachukua 2ZZ-GE, ile ya RunX Z Aerotourer: ujazo wa cc 1,796, farasi 190, bloku ya alumini, gia sita za manyuo. Ndiyo iliyokuja kuwekwa kwenye Elise. Uzuri wake, imelala kwa upana pamoja na giaboksi yake. Unaibeba seti nzima kutoka mbele na kuiweka nyuma ya viti, ikitazama vilevile ilivyokuwa, kisha unarefusha kebo za gia na mabomba ya maji. Usiigeuze mbele nyuma, utapata gia sita za rivasi! Ukiikosa, 1ZZ-FE ya farasi 140 inafaa. Toyota wenyewe waliiweka katikati ya gari lao dogo la spidi, MR-S. EJ20 ya turbo ya Subaru inalala chini vizuri, lakini giaboksi yake inasukuma magurudumu manne, na kuibadilisha isukume mawili tu ni kazi nyingine kabisa.

Dai pia kontroli boksi (kompyuta ya injini), waringi mzima usiokatwa, na ufunguo wake kama ina imobilaiza, kile kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Waringi uliokatwa kwa kisu utakula wiki zako.

Hatua ya 4: Pima kompresheni kabla ya kulipa. Toa plagi zote, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, silinda moja moja, betri iwe imejaa, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Hapa wengi wanapotea: kitabu kikisema bar 14, geji yetu ya huku itaonyesha 11 na ushee, kwa sababu hiyohiyo ya hewa. Usiikatae injini nzima kwa hilo. Angalia silinda zikilinganishwa: 11.5, 11.4, 11.5, halafu moja 9, hiyo iache. Kwenye silinda iliyo chini unaweza kudondoshea oili kidogo na kupima tena. Ikipanda, ni ringi, isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi.

Hatua ya 5: Maji. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia kwenye injini ni presha ya kifuniko cha rejeta, basi. Mpira wake ukiwa na ufa, nunua kipya, usibane kwa kipande cha tyubu. Injini ikiwa nyuma, toboa sehemu ya kutolea hewa pale bomba la maji linapopanda juu kuliko rejeta.

Ukimaliza, nenda Uyole, panda barabara ya Tukuyu kwa gia ya tatu bila haraka, macho kwenye geji ya oili. Presha ikishuka kwenye kona ndefu, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, ile karai ya oili chini ya injini. Rudi gereji, fungua sampu, chomelea vizuizi ndani kabla hujakanyaga zaidi.