Thoroughbred asikonde: kwa mliokabidhiwa farasi Kentucky kipindi cha baridi

Lexington, Kentucky, Kiswahili cha Kivu utakisikia dukani na kanisani, na ukitoka mjini kidogo tu unakutana na mashamba ya farasi wa mbio, uzio kwa uzio. Basi si ajabu mmoja wetu kukabidhiwa Thoroughbred, ndio hao farasi wa mbio, tena mwembamba, mwezi wa kumi na kuambiwa: huyu asikonde mpaka mwezi wa nne.

Kama umekulia kwenye ng'ombe, mkono utakwenda wenyewe kwenye pumba. Uzuie. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo, lita 15 hivi kwa wingi, na nyasi zake huchachukia nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Kule kuchachuka ndiko kunakompa joto, kama lundo la samadi linavyofuka asubuhi ya baridi. Nyasi ndizo kuni zake. Nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja hupita tumboni bila kusagika, ikifika nyuma inaleta msokoto wa tumbo au maradhi ya kwato. Na farasi hatapiki; kilichoingia kimeingia.

Kwa hiyo hesabu yako inaanzia kwenye nyasi kavu: kwa siku, zisipungue asilimia 2 ya uzito wake. Thoroughbred wengi wana kilo 450 hadi 550, basi wa kilo 500 anapata kilo 10. Usihesabu vipande vya robota, maana robota moja ni zito na jingine ni hewa tupu. Chukua ile mizani ya kuning'iniza tunayopimia masanduku ya safari, tena nyumba gani ya kwetu haina, upime kila wavu wa nyasi. Ukifungua robota likanuka uvundo au likatoa vumbi la ukungu, liweke kando hata kama bosi analalamikia bei.

Kule joto husomwa kwa Farenhaiti. Farasi mkavu mwenye manyoya ya baridi huanza kuhitaji nyongeza joto likishuka chini ya nyuzi 18, yaani kama -8 za Selsiasi. Kila nyuzi ya Farenhaiti chini ya hapo, ongeza takribani asilimia 1 ya nyasi zake za siku. Usiku wa nyuzi 5 ni kilo moja na ushei ya nyasi juu ya kawaida, si zaidi. Mimi naogopa mvua kuliko theluji. Manyoya yakilowa hulala, yanapoteza ile hewa iliyokuwa ikishika joto, na mnyama mwenye ngozi nyembamba kama huyu atatetemeka hata barafu haipo. Blanketi lisilopenya maji siku hiyo linaokoa chakula kingi.

Nyasi zisipotosha, badilisha kilo 2 hivi kwa alfalfa, lile jani la jamii ya kunde. Ina kalsiamu nyingi inayopunguza makali ya asidi tumboni, na vidonda vya tumbo ni ugonjwa wao mkubwa, hasa waliotoka mashindanoni. Ndiyo maana asikae zaidi ya saa tano au sita bila kitu cha kutafuna. Wavu wa matundu madogo saa tatu usiku ni dawa nzuri. Baada ya hapo ongeza machicha ya kiazisukari yaliyolowekwa vizuri, kisha mafuta ya kula: anza na robo kikombe, upande polepole hadi kikombe kimoja kwa siku. Nafaka iwe ya mwisho, isizidi kilo 2 kwa mlo. Badiliko lolote lichukue siku kumi au zaidi, na usianze bila idhini ya msimamizi.

Maji hupuuzwa mno. Anahitaji lita 25 hadi 40, naye maji ya barafu huyanusa tu akaondoka. Yapashe yawe vuguvugu, mpe na chumvi vijiko viwili vya mezani kwa siku. Mavi yakiwa machache na makavu, hilo ni jambo la kumpigia daktari wa mifugo simu.

Macho yatakudanganya, kwani manyoya huficha mbavu. Papasa. Kunja ngumi uguse vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Fungua mkono uguse mgongo wa kiganja: hapo ni pazuri. Anakula vizuri lakini haongezeki? Akaguliwe meno na minyoo kabla hujanunua gunia jingine.

Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kila wiki mbili pima kwa utepe wa sentimita: mzunguko wa kifua mara wenyewe, mara urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawa kwa 11,880. Kifua cha 185 na urefu wa 165 ni kama kilo 475. Si sahihi sana, ila itakuonyesha anapanda au anashuka. Zikipungua kilo 15 kati ya vipimo viwili, rudia kupima papo hapo. Zikibaki hivyo, msimamizi apate habari siku hiyohiyo.