Kutuma kiraka kwenye keneli ya Linux bila kukiharibu njiani

Hivi karibuni nilikaa na kijana aliyekuwa amerekebisha kosa la mstari mmoja katika keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, akajibiwa na msimamizi wa sehemu ile kwamba kiraka chake, yaani faili lenye mabadiliko ya msimbo, hakibandikiki. Marekebisho yalikuwa sahihi, ila barua pepe iliyoyabeba ndiyo iliyoyaharibu. Kosa hilohilo liliwahi kunipotezea mchana mzima, na ndiyo sababu hatua ya nne hapa chini imerefuka. Nachukulia kwamba Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, imeshasakinishwa na kwamba inalijua jina lako na anwani yako.

Hatua ya 1. Nakili hifadhi ya keneli kwa `git clone`, kisha fungua tawi jipya, yaani mkondo wa kando wa kufanyia kazi yako. Historia ya keneli ndani ya Git inaanzia Aprili 2005, kwenye toleo la 2.6.12-rc2, kwa hiyo mzigo wa kupakua ni mkubwa. Mwenye bando dogo anaweza kuongeza `--depth 1`, lakini ajue kwamba `git blame`, amri ya kuonyesha nani aliandika mstari upi na lini, itamwonyesha kila mstari kana kwamba uliandikwa siku moja.

Hatua ya 2. Rekebisha jambo moja tu, kisha uhifadhi kwa `git commit -s`. Herufi hiyo `-s` huongeza mstari wa Signed-off-by, ambao ni tamko lako kwamba una haki ya kutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Katika ujumbe, eleza kwa nini badiliko linahitajika, kwa sababu lililobadilika linaonekana lenyewe.

Hatua ya 3. Tengeneza kiraka kwa `git format-patch -1`, ukikague kwa `scripts/checkpatch.pl`, kisha uulize `scripts/get_maintainer.pl` kiende kwa nani.

Hatua ya 4. Mistari ya keneli husogezwa ndani kwa alama ya kitufe cha Tab, si kwa nafasi za kawaida. Programu nyingi za barua hugeuza alama hizo kuwa nafasi, hukata mistari mirefu au hutuma HTML, na kwa macho kiraka huonekana kizima ilhali Git inakikataa. Kwa hiyo sishauri hata kidogo kukinakili na kukibandika kwenye barua. Tumia `git send-email`. Kwenye Debian na Ubuntu amri hiyo haiji pamoja na Git, bali husakinishwa kwa `sudo apt install git-email`.

Mwenye Gmail ataweka `sendemail.smtpServer` kuwa smtp.gmail.com, `sendemail.smtpServerPort` kuwa 587 na `sendemail.smtpEncryption` kuwa tls, pamoja na anwani yake katika `sendemail.smtpUser`. Nywila ya kila siku itakataliwa, hivyo washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili, kisha uunde nywila maalumu ya programu.

Kabla ya kumtumia mtu mwingine yeyote, jitumie mwenyewe:

`git send-email --to=anwani-yako --suppress-cc=all 0001-*.patch`

Usisahau `--suppress-cc=all`, kwani bila hiyo amri husoma majina yaliyomo ndani ya kiraka na kuwapelekea nakala, na jaribio lako litawafikia watu usiowakusudia. Barua ikifika, pakua ujumbe asilia kama faili. Ukinakili maandishi kutoka kwenye kivinjari utarudi kulekule kwenye tatizo la nafasi. Kisha fungua tawi la jaribio na ubandike humo kiraka kilichomo kwenye barua:

`git switch -c jaribio HEAD~1`
`git am ujumbe.eml`

Hiyo `HEAD~1`, yaani hali ya msimbo kabla ya badiliko lako, ndiyo iliyonichelewesha. Nilikuwa nikijaribu kubandika kiraka juu ya tawi ambalo tayari lilikuwa na badiliko lenyewe, kikakataliwa kila mara, nami nikawa nailaumu seva ya barua isiyo na hatia. Mwisho linganisha matawi mawili kwa `git diff`. Isipotoa chochote, kiraka kimefika salama.

Hatua ya 5. Sasa kitume kwa wahusika na usubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbushia. Ukiombwa mabadiliko, tumia `git commit --amend`, kisha `git format-patch -v2 -1`. Maelezo ya kilichobadilika tangu toleo la kwanza yaandike chini ya mstari wa vistari vitatu, kwa kuwa maneno ya hapo husomwa na wakaguzi lakini hayaingii katika historia ya mradi.