Usiku wa Kwanza wa Likizo Ukiwa Angani: Namna ya Kujiandaa kwa Safari Ndefu ya Ndege

Anayekwenda likizo nchi ya mbali kwa kawaida huanza kuhesabu siku zake tangu asubuhi atakayotua, na usiku utakaomkuta ndani ya ndege huuchukulia kuwa adha ya kuvumilia tu. Mimi nauhesabu usiku huo kuwa usiku wa kwanza wa likizo yenyewe, kwa sababu jinsi utakavyopita ndiyo itakayoamua iwapo siku mbili tatu za mwanzo zitakuwa za kutembea na kuona, au za kusinzia chumbani mapazia yakiwa yameshushwa. Nayasema haya nikimfikiria abiria wa daraja la kawaida, ambaye kiti chake hakigeuki kuwa kitanda, katika safari inayochukua muda wa saa 8 hadi 14.

Kazi huanza kwenye tiketi. Muda wa safari huandikwa kwa mfumo wa saa 24, ambamo siku mpya huanza saa 6 kamili usiku, na ndege nyingi za usiku huondoka karibu na wakati huo huo. Kwa hiyo tiketi iliyoandikwa Jumamosi 00:40 inamaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi, na abiria anatakiwa kuwa uwanjani Ijumaa kabla ya saa 4 usiku. Atakayeondoka nyumbani Jumamosi jioni atakuta ndege yake imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Tarehe ya kufika nayo ihesabiwe kwa uangalifu uleule kabla ya kulipia hoteli. Ndege za usiku mara nyingi hutua alfajiri au asubuhi, ilhali hoteli nyingi hukabidhi vyumba kuanzia saa 8 au saa 9 alasiri, na kwa mtu ambaye hajaoga wala kulala vizuri, saa hizo za kungojea ni ndefu kuliko zinavyoonekana kwenye ratiba. Mwenye uwezo na alipie chumba tangu usiku uliotangulia, kisha aiarifu hoteli kwa maandishi kwamba atafika asubuhi, wasije wakamhesabu kuwa hakutokea na chumba wakampa mwingine. Asiye na uwezo huo aulize mapema kama ataruhusiwa kuacha mizigo mapokezi. Pasipoti itazamwe miezi kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa nchi nyingi hudai iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda wake.

Kiti ndicho kitanda chako, basi kichague mapema, hata kama shirika linatoza ada kidogo kwa kuchagua. Anayetaka kulala akae dirishani, kwa sababu atapata ukuta wa kuegemea na hakuna atakayemwamsha ili apite. Anayelazimika kwenda msalani mara kwa mara, au mwenye miguu mirefu inayohitaji kunyooshwa, akae kando ya njia. Epuka viti vilivyo karibu na vyoo na jiko la ndege, ambako taa, milango na mazungumzo havikomi usiku kucha. Safu ya mwisho, na ile iliyo mbele ya mlango wa dharura, mara nyingi ina viti visivyoegemea nyuma, na jambo hilo ni gumu kulivumilia kwa saa 10. Viti vya mbele kabisa vya sehemu ya daraja la kawaida vina nafasi ya miguu, lakini huko ndiko vinakofungwa vitanda vya watoto wachanga, kwa hiyo usishangae ukikesha nao. Mwoga wa mitikisiko atafute kiti karibu na mabawa, ambako ndege hutulia zaidi kuliko mkiani.

Mzigo wa mkononi uwe na vitu ambavyo usingeweza kuvikosa kwa siku mbili endapo begi kubwa litachelewa: dawa zote zikiwa katika pakiti zake za asili pamoja na nakala ya cheti cha daktari, nguo za kubadili, miwani, chaja na nyaraka. Insulini isiwekwe kamwe katika mzigo unaopakiwa chini, kwa kuwa inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi duniani vimeweka kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa ya kimiminika, zote zikiingia katika mfuko mmoja angavu wa lita 1. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya za ukaguzi vimeanza kulegeza kanuni hii, lakini anayeunganisha ndege njiani afuate kanuni ya kiwanja kilicho kikali zaidi. Pawabenki hairuhusiwi katika mzigo wa chini; ibebwe mkononi, na uwezo wake usizidi wati-saa 100, ambazo kwa betri nyingi ni takribani mAh 27,000. Mashirika kadhaa sasa yanakataza kuitumia wakati ndege iko angani, kwa hiyo simu ijazwe chaji kabla ya kupanda.

Vifaa vya kulalia viwekwe pamoja katika kifuko kidogo kitakachobaki nawe kitini: kitambaa cha kufunika macho, vizibo vya masikio, mto wa shingo, soksi nzito, mafuta ya midomo, mswaki, na kalamu ya kujazia fomu za uhamiaji pale zinapotumika bado. Vaa nguo zisizobana na ubebe sweta, kwa sababu ndani ya ndege hupoa sana kadiri usiku unavyoendelea.

Yako mazoea mabaya ambayo watu wengi huyaona kuwa ya busara, nayo ni kukesha usiku wa kuamkia safari wakifunga mizigo, wakitumaini kwamba uchovu utawalaza fofofo ndani ya ndege. Hali huwa kinyume. Mtu aliyekosa usingizi usiku mmoja, kisha akapata usingizi wa vipande vipande usiku wa pili, hutua akiwa na deni la siku mbili. Mizigo ifungwe siku mbili kabla, na usiku wa mwisho nyumbani ulale kwa ukamilifu. Ukiwa na nafasi, na kama safari inaelekea mashariki, tangulia kulala na kuamka mapema kwa saa moja hivi kila siku kwa siku tatu. Ikiwa inaelekea magharibi, chelewa kwa kiasi hicho hicho.

Siku ya safari, kahawa ya mwisho inywewe mchana, kwa kuwa nusu ya kafeini huendelea kuwamo mwilini hata baada ya saa 5 hivi. Kisha kula mlo wako wa usiku uwanjani, kabla ya kupanda. Ushauri huu naupa uzito mkubwa kuliko mwingine wowote kuhusu usingizi, na hesabu yake ni rahisi. Katika safari ya saa 10, chakula cha jioni huanza kugawiwa saa moja hivi baada ya kuruka, na hadi sinia ziondolewe na taa zizimwe, saa 2 au zaidi zinaweza kuwa zimepita. Halafu taa huwashwa tena karibu saa 2 kabla ya kutua ili wasafiri wapewe kifungua kinywa. Anayengoja milo yote miwili hubakiwa na saa 5 au 6 tu za kulala, ilhali aliyekwisha kula anaweza kufumba macho mara ndege inapotulia angani na akajipatia saa moja au mbili zaidi. Mweleze mhudumu kwa upole kwamba hutahitaji chakula, na kwamba asikuamshe.

Hewa ya ndani ya ndege huathiri mwili kwa namna mbili ambazo inafaa kuzielewa. Shinikizo lake hulingana na la mlima wenye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 ziko upande wa chini wa kipimo hicho. Katika hali hiyo gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa kadiri ya robo hadi theluthi, na ndiyo sababu soda na vyakula vinavyojaza gesi huleta maumivu angani hata kwa mtu ambaye nyumbani havimdhuru. Pili, unyevu wa hewa mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, hivyo macho, pua na koo hukauka. Kunywa maji kidogo kidogo safari nzima, toa lenzi za machoni na uvae miwani, na uache pombe, ambayo huleta usingizi upesi lakini huukatakata baadaye.

Ukiwa tayari kulala, weka saa yako kwenye majira ya nchi unayokwenda, funga mkanda juu ya blanketi ili wahudumu wauone bila kukugusa ndege ikitikisika, na egemeza kiti nyuma kadiri kinavyoruhusu baada ya kumtazama aliye nyuma yako. Usijidai saa 8 za usingizi. Saa 4 zilizofuatana ni mafanikio, na hata kukaa macho yakiwa yamefumbwa kunapumzisha kuliko kutazama filamu ya tatu. Vidonge vya usingizi sivipendekezi kwa anayevijaribu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa humfanya mtu asijongee kwa muda mrefu, na kutojongea ndilo jambo hasa linaloipa hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu nafasi ya kutokea. Hatari hiyo ni ndogo kwa mtu mwenye afya, ila huongezeka katika safari yoyote inayozidi saa 4. Kila unapozinduka zungusha vifundo vya miguu, inua visigino na kuvishusha mara ishirini, na ukipata nafasi utembee hadi mwisho wa njia na kurudi. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na aliyewahi kuganda damu wamwone daktari kabla ya safari; huenda akawashauri wavae soksi maalumu za kubana zinazofika chini ya goti.

Hakikisha umeamka kabla ndege haijaanza kushuka, kwa kuwa aliyelala hamezi mate mara nyingi, na masikio yake huziba kwa maumivu. Kutafuna au kupiga miayo husaidia.

Baada ya kutua, jambo lenye nguvu kuliko yote katika kuirekebisha saa ya mwili ni mwanga, na hapa ndipo ushauri uliozoeleka wa kutoka juani mara tu unapofika unapoweza kumpotosha msafiri. Mwili hufikia kina cha usiku wake, joto lake likiwa chini kabisa, saa 2 au 3 kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga unaokuja kabla ya kina hicho huirudisha saa ya mwili nyuma. Unaokuja baada yake huisogeza mbele. Tuseme nyumbani huamka saa 12 au saa 1 asubuhi, na kina chako ni saa 10 alfajiri. Ukisafiri kuelekea mashariki na kuvuka kanda 8 za saa, kina hicho kitaangukia saa 6 mchana ya huko ulikofika. Mwanga wa asubuhi utakuvuta upande usioutaka, kwa hiyo vaa miwani ya jua, kaa ndani hadi adhuhuri, kisha ukatembee nje mchana wote. Siku zinazofuata anza kutoka mapema zaidi kwa saa moja kila siku. Ukivuka kanda 3 tu, kina kitakuwa saa 1 asubuhi, na unaweza kutoka baada ya kifungua kinywa. Aliyekwenda magharibi anahitaji mwanga wa jioni, basi abaki nje hadi jua lizame.

Kama begi halikuonekana, toa taarifa na upewe namba ya kumbukumbu kabla ya kutoka katika ukumbi wa mizigo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, yaani mapatano ya kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, malalamiko ya begi lililoharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7, na ya lililocheleweshwa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Siku ya kwanza usikodi gari ukaliendesha mwenyewe, wala usipange ziara yenye saa maalumu. Ukizidiwa na usingizi, lala dakika 30 ukiwa umetega kengele ya simu, kisha ujitahidi kukaa macho hadi saa 3 usiku. Ukizinduka katikati ya usiku, usiwashe taa wala simu. Kaa gizani, hata kama usingizi utachelewa kurudi.